Fuwele Yenye Ndimi Tatu: Mhadhara juu ya Kuzuia Mitetemo Isiyotakiwa katika Osileta za Kwatzi



Neno bilauri, ambalo sisi watu wa pwani hulitumia kila siku kwa chombo cha kunywea maji, lilitufikia kutoka kwa Waarabu na Waajemi, na huko lilikotoka lilikuwa kwanza jina la jiwe: jiwe gumu, lenye kupenyeza nuru, litokalo ndani ya miamba likiwa na pande sita zilizonyooka kana kwamba zimepigwa randa na fundi. Jiwe hilo ndilo wataalamu wa zama hizi waliitalo kwatzi, na mizani ya nyakati zetu zote, tangu saa ya mkononi hadi mitambo ya redio na simu, imetundikwa juu ya kibanzi chake kilicho chembamba. Sifa zake zimekwisha kuandikwa na wengi, nami sikuja kuziongeza. Nimekuja kuzungumza juu ya aibu yake, ambayo wauzaji hawapendi kuitaja mbele ya wanunuzi, nayo ni kwamba jiwe hili halina sauti moja; lina sauti nyingi, na yule anayelitaka limpimie wakati kwa uaminifu hana budi kwanza kuzinyamazisha zote isipokuwa moja.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, walidhihirisha kwamba kwatzi ikibanwa hutoa umeme, na mwaka uliofuata ikathibitika kinyume chake, kwamba ikitiwa umeme hujinyonga na kujinyoosha. Kutoka hapo hadi mwaka 1921, ambapo Walter Cady wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, aliitumia kuongoza masafa ya osileta, na hadi mwaka 1927, ambapo Warren Marrison wa maabara ya Bell alitengeneza saa ya kwanza ya kwatzi, ni historia ambayo kila kitabu cha somo hili huisimulia, basi na tuipite.

Osileta ni kitu chepesi kukieleza. Ni kikuza umeme ambacho kile kinachotoka kinywani mwake hurudishwa sikioni mwake, na fuwele imewekwa njiani kama bawabu, ili kirudi kile tu ambacho fuwele imekubali kutetema nacho. Fuwele njema ya megahezi 10, ikiisha kupigwa mara moja na kuachwa, huendelea kutetema zaidi ya mara 300,000 kabla mtetemo wake haujapungua hata ukabaki kiasi cha theluthi na ziada kidogo. Hakuna kengele ya shaba wala ya fedha inayokaribia uvumilivu huo. Bawabu huyu, kwa hiyo, ni mkali mno kwa wageni. Taabu ni kwamba ana jamaa wengi, na jamaa zake wote huwafungulia mlango kwa ukarimu ule ule.

Waliopata kuketi karibu na mpiga udi au mpiga kanuni wameona jambo nitakalolitegemea katika mazungumzo yetu yote. Mpigaji akiugusa uzi kwa ncha ya kidole pale penye theluthi ya urefu wake, bila kuukandamiza, kisha akaupiga, ile sauti ya msingi hunyamaza, na badala yake husikika sauti nyembamba ambayo mitetemo yake ni mara tatu ya ile ya kwanza. Kidole kile hakikuizaa sauti ya tatu, kwa maana ilikuwamo ndani ya uzi tangu hapo, imefunikwa. Kilichofanywa na kidole ni kuzinyima sauti nyingine mahali pa kusimama. Hiyo ndiyo kazi yote ya fundi wa osileta, na tofauti yao ni kwamba fundi hana kidole cha kuugusa uzi wake, kwa kuwa uzi wenyewe umefungiwa ndani ya kopo lisilo na hewa, na kila alitendalo hana budi alitende kutoka nje, kwa koili na kapasita.

Kibanzi cha kwatzi nacho kina sauti zake za daraja kama uzi, ila kwa kuwa umeme huingia kupitia nyuso zake mbili zilizopakwa dhahabu au fedha, sauti za shufwa hujifuta zenyewe, na zinazobaki ni za witiri: ya kwanza, ya tatu, ya tano. Msikilizaji atauliza kwa nini tusiichukue ile ya kwanza tukastarehe. Sababu ni unene. Kibanzi cha ule mkato, yaani pembe ya kulikata jiwe, uitwao AT, kitetemacho megahezi 10 kwa sauti yake ya msingi, huwa na unene wa takriban milimita 0.17, na juu ya kitu chembamba namna hiyo vumbi lisiloonekana kwa jicho, au tabaka la hewa lililoganda usoni, ni mzigo wenye kuhesabika, nao huyasogeza masafa mwezi baada ya mwezi. Kikichongwa kinene mara tatu, kikaimbishwa sauti ya tatu, masafa huwa yale yale ilhali mzigo ule wa usoni umekuwa theluthi ya ulivyokuwa mbele ya kimo cha jiwe. Kwa hiyo karibu kila osileta ya usahihi wa hali ya juu huimba sauti ya tatu au ya tano, na kwa hiari hiyo hiyo fundi hujitia katika matatizo, maana ameacha sauti iliyo nyepesi kutoka akaifuata iliyo nzito.

Mkato wa AT, uliogunduliwa mwaka 1934, ulikuwa na fadhila moja ambayo haikuthaminiwa mpaka ilipokosekana: umeme uupitiao kwa unene wake huamsha aina moja tu ya mwendo, mwendo wa kuteleza, ambapo uso wa juu huenda upande huu na uso wa chini upande ule. Kasoro yake ni hofu ya joto la ghafula. Ukiutia tanurini ili joto lake lisiyumbe, uso hupata moto kabla ya kiini, jiwe likajibana lenyewe kwa lenyewe, na masafa yakaruka kupita kipimo kabla ya kurudi mahali pake polepole. Katika miaka ya 1974 na 1975 Richard Holland na Errol EerNisse, kila mmoja kwa njia yake ya hesabu, walibashiri kwamba kuna mkato mwingine, wenye kupindishwa mara mbili badala ya mara moja, ambao hautajali kujibana huko. Na punde Jack Kusters wa kampuni ya Hewlett-Packard akaonyesha kwa vitendo kwamba bishara ilikuwa ya kweli. Mkato huo huitwa SC, na pembe yake ya pili ni karibu digrii 22. Hadi leo naona ndio mkato bora kuliko yote kwa osileta ya tanuri.

Lakini kuupindisha mara ya pili kulivunja ukimya. Fuwele ya SC ina ndimi tatu, ambazo wataalamu wamezipa herufi A, B na C. Ulimi wa A ni mwendo wa kunenepa na kukonda, nao uko mbali sana kwa masafa, haututii wasiwasi mkubwa. C ni mtelezo wa polepole, na huo ndio tuutakao, mtulivu katika joto la tanuri kama maji ya mtungini. B ni mtelezo wa haraka, uliokaa juu ya C kwa asilimia 9 au 10 hivi tu, una nguvu sawa na C na mara nyingine kuipita, na tabia yake katika joto haina haya hata kidogo: kila digrii moja ya Selsiasi inapopanda, masafa yake hushuka kwa sehemu 25 na nusu hivi katika milioni. Sasa hesabuni. Fuwele ya SC iliyoandikwa megahezi 10, sauti ya tatu, inayo C ya kwanza karibu na megahezi 3.3, B ya kwanza karibu na 3.6, C ya tatu kwenye 10, na B ya tatu karibu na 10.9, ni milango minne, na mmoja tu ndio halali.

Kwa hili nina ushahidi wa mkono wangu mwenyewe. Fuwele ya kwanza ya SC niliyoipata niliiweka katika saketi niliyoizoea kwa miaka mingi, saketi ya transista moja na kapasita mbili ambayo ilikuwa haijapata kunihini na fuwele za AT, na mara ikaanza kutetema, kwa nguvu na kwa sauti safi, hata nikajipongeza. Kisha nikatazama kihesabio, nacho kilikuwa kikionyesha megahezi 10.9. Nikamshuku muuzaji kwamba amebandika kibandiko kisicho chake, na barua ya lawama nilikuwa nimekwisha kuianza, nilipoliweka kopo lile kati ya vidole viwili nikaona tarakimu zinateremka mbio: hezi 278 kwa kila digrii, kama nilivyokuja kukokotoa baadaye. Hakuna C inayokimbia hivyo. Muuzaji hakuwa na hatia. Jahili nilikuwa mimi, na barua nikaichana.

Kwa nini saketi ilimchagua B? Ukweli ni kwamba saketi haichagui. Inapowashwa, ndani yake mna mchemko wa umeme tu, makelele yasiyo na sura, yenye kila masafa kwa kiasi kidogo kidogo, na kila mtetemo wa fuwele huchota kutoka humo fungu lake na kuanza kukua, mradi masharti mawili yametimia: kwamba kikuza kinarudisha zaidi ya kile kinachopotea ndani ya jiwe, na kwamba kinachorudi kinafika kwa awamu ile ile ya kilichoondoka, kama msukuma pembea anayesukuma pembea inapokwenda wala si inapomjia. Mitetemo yote iliyotimiza masharti hukua pamoja. Yule anayekua haraka kuliko wenzake hukifikisha kikuza kwenye ukomo wa nguvu zake, na kikuza kikishachoka hakina tena cha kuwapa waliochelewa, nao hunyauka. Ushindi, basi, ni wa mwenye haraka. Wema, utulivu, na maisha marefu havimo katika hesabu hiyo.

Na saketi ile ya kapasita mbili, ambayo asili yake hurejeshwa kwa George Washington Pierce wa Harvard, ina upendeleo ulio mbaya kwetu. Nguvu inayoirudishia fuwele, ambayo wahandisi huiita ukinzani hasi, hupungua kwa kadiri ya mraba wa masafa. Maana yake ni kwamba sauti ya kwanza hupewa msaada mara tisa ya ule wa sauti ya tatu. Ukitia fuwele ya sauti ya tatu katika saketi kama hiyo bila ya hila yoyote, aghalabu itaimba ya kwanza, na usishangae. Baina ya C ya tatu na B ya tatu, tofauti ya msaada ni asilimia 16 tu, kiasi ambacho ukinzani wa jiwe lenyewe, ukiwa mdogo kidogo upande wa B, waweza kukifuta chote.

Dawa ya kwanza imjiayo kila mtu akilini ni kupunguza nguvu ya kikuza, ili wapite wanaostahiki na wakwame wasiostahiki. Haifai. Baina ya sauti ya kwanza na ya tatu huwazuia walio dhaifu, na aliye dhaifu hapa ndiye tumtakaye. Na baina ya B na C hakuna nafasi ya kutosha, kwani kile kitakachomzuia B asubuhi ya baridi kitamzuia na C adhuhuri, transista inapobadilika na joto. Dawa ya pili ni kuweka chujio jembamba njiani. Hiyo hufanya kazi, lakini humleta mwamuzi wa pili wa masafa karibu na fuwele, na mwamuzi huyo, aliyeundwa kwa koili na kapasita, hana hata sehemu moja katika elfu ya uaminifu wa kwatzi.

Hikima iliyoshinda ni ile ya kuigusa awamu na kuiacha nguvu. Katika saketi ya Pierce na katika ndugu yake, saketi iitwayo ya Colpitts, ukinzani hasi hutokana na kuzidishana kwa vitu viwili, kile kilichokaa upande wa kuingilia na kile kilichokaa upande wa kutokea, na sharti lake ni kwamba vyote viwili viwe na tabia moja mbele ya umeme. Kapasita kwa kapasita huzaa ukinzani hasi, na mtetemo ukakua. Kapasita kwa koili huzaa ukinzani wa kawaida, na mtetemo ukafa, hata kama kikuza kina nguvu za ndovu. Kwa hiyo fundi huacha kapasita ya upande mmoja kama ilivyo, na mahali pa ile ya pili huweka kitu chenye nyuso mbili, kitakachoonekana kapasita kwa masafa yanayotakiwa na koili kwa masafa mengine yote.

Kwa fuwele ya AT kazi ni nyepesi, kwa kuwa kuna adui mmoja tu wa kuogopwa, naye yuko chini. Hufungwa koili sambamba na kapasita, zikipatanishwa mahali baina ya sauti ya kwanza na ya tatu, tuseme megahezi 6 kwa fuwele ya megahezi 10: chini ya 6 jozi hiyo huonekana koili, juu yake huonekana kapasita, na sauti ya kwanza ikawa imekwisha kuhukumiwa kabla ya kufungua kinywa.

SC inahitaji dirisha lenye kizingiti chini na kizingiti juu. Hapa ndipo inapofaa kanuni iliyotolewa na Ronald Foster mwaka 1924, isemayo kwamba mtandao wowote wa koili na kapasita, zisizo na upotevu, hubadilika tabia kwa zamu kila masafa yanapopanda, mara koili, mara kapasita, bila kuruka zamu. Chukua koili moja na kapasita moja, uzifunge kwa mfululizo, ziwe tawi la kwanza. Kisha koili ya pili uifunge sambamba na hizo mbili. Kwa masafa ya chini mtandao huu ni koili, kwa sababu koili ya pili ndiyo njia rahisi ya kupitia. Masafa yakipanda, hufika mahali ambapo tawi la kwanza na koili ya pili hupingana kabisa, na kutoka hapo mtandao hugeuka kapasita. Yakizidi kupanda, hufika mahali ambapo tawi la kwanza hupatana lenyewe kwa lenyewe, na mtandao hurudi kuwa koili. Kati ya sehemu hizo mbili ndipo lilipo dirisha, na upana wake hutegemea uwiano wa koili mbili tu: koili ya sambamba ikiwa kiasi cha khumusi ya ile ya mfululizo, na kizingiti cha chini kikiwekwa kwenye megahezi 9.5, cha juu huangukia karibu na 10.4. Sauti za 3.3 na 3.6 ziko nje kwa upande wa chini, ya 10.9 iko nje kwa upande wa juu, na 10 imekaa ndani peke yake. Vipande vitatu vya bei ya kikombe cha kahawa vimefunga milango mitatu. Nimeona vyombo vingi vya elimu hii, na sijaona kingine ambacho ndani yake nadharia ya kwenye karatasi na kazi ya mikono zimekutana kwa gharama ndogo kiasi hiki. Osileta ya tanuri ya Hewlett-Packard iitwayo 10811, ya fuwele ya SC, megahezi 10, sauti ya tatu, ambayo wapenzi wa vipimo bado huitafuta katika masoko ya vitu vilivyotumika, nayo hutegemea koili na kapasita kwa kazi hii ya kuwanyima wengine awamu.

Hata hivyo hakuna dirisha lisilopitisha upepo. Mtandao huo nao hugeuza awamu ya C kidogo, na koili hubadilika sana kwa joto. Awamu ikihama digrii moja tu, fuwele yenye uvumilivu kama wa ile ya mitetemo 300,000 tuliyoitaja husogea karibu sehemu 9 katika bilioni ili kuilipia. Kwa mwenye saa ya mkononi hilo si kitu. Kwa anayetaka sehemu moja katika bilioni kumi ni balaa. Ndiyo maana katika osileta zilizotengenezwa kwa dhamiri koili hizo huingizwa ndani ya tanuri pamoja na fuwele, kwenye joto la digrii 80 na zaidi, na ndiyo maana fundi mwenye busara hulipanua dirisha kwa kadiri atakavyothubutu, kwani kadiri vizingiti vinavyokaribiana ndivyo awamu inavyokuwa nyepesi kutikisika. Nimewaona vijana wakijivunia dirisha jembamba. Wembamba hapa ni deni.

Wako waliotaka kuliponya jiwe lenyewe. William Shockley, yule wa transista, na wenzake walieleza mwaka 1967 jinsi uzito wa elektrodi unavyoweza kuufungia mtetemo mkuu katikati ya kibanzi na kuiacha mitetemo midogo ya pembeni ikimbilie ukingoni ambako vishikizo huimeza. Na kuna fuwele ambazo umeme wake hupitishwa kwa ubavu badala ya kwa unene, ambapo kwa kuchagua mwelekeo wa elektrodi, B hupoteza njia ya kuamshwa. Ni elimu nzuri, ila iko mikononi mwa wachongaji, na mnunuzi wa kawaida hupewa fuwele yenye ndimi zake zote tatu.

Jambo la mwisho ni la ajabu kidogo. Ule ukorofi wa B, kukimbia kwake kila joto likibadilika, ndio uliowafanya wahandisi wengine wakakataa kumfukuza. Fuwele moja yaweza kuimbishwa ndimi mbili kwa wakati mmoja, kila ulimi na kikuza chake na dirisha lake, C akatumika kwa kupima wakati na B kwa kusema jiwe lina joto kiasi gani. Na hakuna kipimajoto kinachoweza kukaa karibu zaidi na jiwe kuliko jiwe lenyewe. Saketi yangu ile ya kwanza sikuibomoa. Iko juu ya rafu katika chumba changu cha kazi, inatetema kwenye 10.9 bila dirisha lolote, na nikitaka kujua kama chumba kimepoa kiasi cha kuanza vipimo vya usiku, ndiyo ninayoitazama.